Kabla ya Kuupa Uyoga Pumba, Muulize Mchwa

Kuna ushauri unaozunguka kwenye simu zetu huku Likoni tangu vijana waanze kunusa pesa kwenye uyoga. Unakuja kama sauti ya dakika mbili, unakuja kama video, unakuja kama picha ya mfuko mmoja uliotoa uyoga mnene kama shada la bibi harusi. Ujumbe ni uleule: uyoga wako hauzai manake una njaa. Uongezee pumba. Uongezee mashudu. Uongezee mbolea ya kuku, utavuna mara mbili.

Sio uongo. Hilo niliseme mapema kabla sijaitwa adui wa maendeleo ya vijana. Uyoga ukiongezewa chakula cha asili huzaa zaidi, na kuna utafiti wa miaka mingi nyuma ya hiyo kauli. Shida yangu ni kuwa ushauri umefika hapa Shelly Beach ukiwa nusu. Nusu iliyoachwa njiani inaitwa joto. Na ukiifuata historia ya kulisha uyoga, kutoka mwanzo kabisa mpaka leo, utaona kitu kimoja: kila aliyefanikiwa kuulisha alikuwa kwanza ashapata jibu la joto na hewa. Hakuna aliyeanza na pumba. Sisi tunaoishi mahali ambapo Machi hata feni inakupulizia moto ndo tungetakiwa kuijua hiyo historia kuliko watu wote.

Kwa hivyo leo kontenti ni historia. Mliokuja kutafuta hela, tulieni, hela imo ndani.

Tumjue mhusika kwanza. Uyoga tunaouongelea ni ule mweupe au wa kijivu unaoota kwa mafungu, kofia yake imepinda pembeni kama gamba. Tanzania wanauita mamama. Wazungu wameupa jina la chaza, yule yule chaza tunayembandua kwenye miamba hapa maji yakitoka. Mwaka 1774 mwanasayansi wa Vienna, Nikolaus Joseph von Jacquin, aliuandika kwa Kilatini kwa jina hilohilo la chaza, na mwaka 1871 Mjerumani Paul Kummer akaupanga kwenye ukoo unaoitwa Pleurotus, ndo ukawa Pleurotus ostreatus. Mimi naona ni jina zuri kwa ufuo ulioitwa Shelly kwa ajili ya makombe, ila ukimwambia mzee wa baharini kuwa unalima chaza chumbani, atakuuliza mwamba umeuingizaje.

Huu uyoga porini unaishi kwenye miti iliyokufa. Na mti uliokufa ni chakula cha ajabu. Umejaa kaboni, naitrojeni kiduchu. Kwenye unga wa mbao unaweza kukuta sehemu mia kadhaa za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Kwenye mabua ya nafaka hali ni afadhali, 50 hadi 100 hivi kwa moja. Ni sawa na kuwekewa sinia zima la ugali na kijiko kimoja cha mchicha. Utashiba lakini mwili hautajengeka, manake naitrojeni ndo kazi ya protini.

Uyoga wenyewe unajua. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, Greg Thorn na George Barron, walionyesha kuwa uyoga wa chaza ni mwindaji. Nyuzi zake ndani ya mti zinatoa sumu inayowapoozesha minyoo midogo sana, ile isiyoonekana kwa macho, halafu zinaingia ndani ya mnyoo na kumla. Kwenye gogo lisilo na mboga, uyoga unajitafutia nyama. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema kuongezea chakula ni kuuharibu uyoga, mwambie uyoga ulianza kujiongezea wenyewe kabla hata binadamu hajaumiliki.

Ila kuna mkulima wa uyoga aliyemtangulia binadamu kwa mbali. Ni mchwa. Na sio mchwa wa mbali.

Mwaka 2016 timu ya watafiti ilitangaza visukuku vya vichuguu vilivyopatikana bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania. Ndani ya vile vichuguu vilivyogeuka mawe kulikuwa na bustani za uyoga, zenye umri wa takriban miaka milioni 25. Soma tena: milioni 25. Ndo ushahidi wa kimwili wa kale zaidi wa mdudu kulima uyoga, na umetoka kwa majirani zetu. Kilimo cha uyoga ni cha Afrika Mashariki kabla hakujakuwa na Mwafrika.

Angalia vile mchwa anafanya. Vibarua wanakusanya majani makavu na vijiti, wanavila haraka, vinapita tumboni pamoja na mbegu za uyoga, halafu wanavitoa na kuvijenga kama sega. Kwa lugha ya mtandaoni, mchwa anatumia samadi yake mwenyewe kuandaa chakula cha uyoga. Lakini sega haliwekwi popote. Linakaa ndani ya kichuguu chenye njia za hewa, ambacho joto lake kwa aina nyingi linabaki karibu na nyuzi 30 usiku na mchana, jua la nje likiwaka litakavyo. Na vibarua hawaondoki. Wanasafisha, wanang'oa ukungu mwingine unaotaka kujipenyeza. Mchwa wakifa au wakihama, kuna kuvu nyingine iliyokuwa imejificha humohumo kwenye sega, inaamka na kulifunika lote ndani ya muda mfupi. Sega ni lilelile, chakula ni kilekile. Kilichopotea ni hewa na usafi.

Mwenye mifuko iliyogeuka kijani anajua naongelea nini.

Binadamu tulikuja kwa kuchelewa sana. Ufaransa, karne ya 17, wakulima wa bustani wa Paris walianza kupanda aina nyingine ya uyoga, ile ya kifungo, kwenye samadi ya farasi. Samadi ilikuwa tele kwa vile mji mzima ulikuwa unaendeshwa na farasi. Chakula walikuwa nacho, tena kizuri. Kilimo hicho kilipanuka hasa mwanzoni mwa karne ya 19, pale walipoingia kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa chini ya mji. Kule chini hakuna jua, joto halipandi wala halishuki. Samadi ile ile, mahali pengine.

Uyoga wetu wa chaza wenyewe uliingia kwenye kilimo kwa njaa ya vita. Mwaka 1917, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeibana Ujerumani, mtaalamu wa kuvu Richard Falck, aliyekuwa anafundisha kwenye chuo cha misitu cha Hannoversch Münden, aliandika namna ya kuupanda kwenye visiki vya miti. Mwaka huohuo huku kwetu Mwingereza na Mjerumani walikuwa wanapigania ardhi isiyo yao, na babu zetu wanabebeshwa mizigo kwenye jeshi la wapagazi, lile lililoacha jina la Kariakoo Dar na Kariokor Nairobi. Sijui kwa nini historia ya chakula kila mara inapita mlango wa vita. Falck hakuongeza chochote kwenye visiki. Msitu wa baridi ulimfanyia kazi yote, yeye akasubiri. Alikuwa Myahudi; mwaka 1933 ilibidi akimbie nchi yake.

Kutoka hapo mambo yanakwenda Marekani. Mwaka 1932 James Sinden wa Penn State alipata hataza ya kutengeneza mbegu ya uyoga kwenye nafaka. Zamani mbegu ilikuwa ni kipande cha samadi chenye utando mweupe. Yeye akaoteshea utando kwenye punje zilizochemshwa. Ile mbegu unayonunua leo kwenye mfuko au chupa, punje zimevaa utando kama pamba, ni wazo lake. Na punje yenyewe ni chakula. Ukimwaga mbegu nyingi kidogo kwenye mfuko, tayari umeshauongezea uyoga lishe bila kujua. Mwaka 1958 Seymour Block na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida wakachapisha matokeo ya kuotesha uyoga wa chaza kwenye unga wa mbao. Shikilia hiyo Florida, tutarudi.

Halafu unafika mwaka 1962, na kwangu mimi huu ndo mwaka wa kuuwekea alama.

Mwaka huo, Mysore, India, Zakia Bano na H. C. Srivastava walichapisha kazi yao ya kukuza uyoga wa jamii ya chaza kwenye mabua makavu ya mpunga. Kwa mtu wa Pwani hii ni habari kubwa kuliko ya Florida. Mabua ya mpunga sio kisiki cha msitu wa Ujerumani. Mabua ni kitu cha watu wa kawaida, unaloweka, unakata, unatia mbegu. Uyoga wa chaza ukahamia nchi za joto kupitia mlango wa mabua.

Mwaka huohuo wa 1962, Penn State, Lee Schisler na yuleyule Sinden walitoa utafiti wa kuongeza virutubisho, unga wa mbegu na mafuta ya mimea, kwenye mboji ya uyoga wa kifungo. Mavuno yakapanda. Hapo ndo chanzo cha ile video unayotumiwa leo, hata kama anayeituma hajawahi kulisikia jina la Schisler. Kuanzia hapo wakulima wakubwa wa Marekani na Ulaya wakawa wanataka kuongeza, na wakakutana na ukuta. Ukitia chakula kingi mapema, mboji inachemka. Kuvu inapumua kama sisi. Ikila inatoa joto. Chakula kikiwa chepesi kuyeyuka, inakila kwa pupa, joto linapanda, utando unaungua, na kuvu za kijani zinazopenda wanga zinaingia kwa mlango uliofunguliwa.

Iliwachukua miaka. Mwaka 1976 Schisler na mwenzake Carroll walitoa jibu: matone ya mafuta ya mimea yaliyofunikwa kwa ganda la protini, ganda lenyewe likakazwa kwa formalini, ili uyoga ukile chakula polepole, wiki baada ya wiki, badala ya kukimaliza siku tatu. Hebu fikiria. Watu wenye vyumba vya kupozwa kwa mashine, nchi yenye theluji, bado walilazimika kukiwekea chakula breki. Ni jibu la kiwanda, tena formalini sio kitu utakachotaka kumwambia mteja wako wa mboga za asili. Lakini swali walilokuwa wanajibu ni letu kabisa: nitaulishaje uyoga bila kuupika?

Sasa turudi nyumbani, na turudi na mkonge.

Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikapitia Hamburg hadi Tanga. Safari iliiua karibu yote. Ilifika hai 62. Kutoka hiyo 62 ndo yakatokea mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa jina kubwa la mkonge duniani, na mkonge ukavuka mpaka ukaja kwetu. Ukipita barabara ya Malindi unauona pale Vipingo, mistari mirefu mpaka macho yachoke. Ubaya wa mkonge ni kuwa kinachouzwa ni nyuzi, na nyuzi ni kama 4% tu ya uzito wa jani. Iliyobaki ni maji na makapi. Kwa zaidi ya miaka mia makapi hayo yalirundikwa, yakaoza, yakanuka, yakaingia mitoni.

Mwaka 2008 Anthony Mshandete wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Janet Cuff walichapisha kazi ya kukuza aina tatu za uyoga wa porini wa Tanzania kwenye makapi ya mkonge yaliyooza kidogo. Mmoja wao ni wa ukoo wa chaza. Mwaka 2013 Prosper Raymond, Mshandete na Amelia Kivaisi wakaenda mbele zaidi: makapi ya mkonge yakiongezewa samadi ya kuku, na kazi nyingine yakiongezewa samadi ya ng'ombe, kwa uyoga wa chaza wa aina inayoitwa HK-37. Yaani hii mada ya kulisha uyoga kwa vitu vya asili sio ya Wazungu peke yao. Imeandikwa Dar, kwa makapi ya Tanga na samadi ya kuku wa kawaida. Na ukipenda vichekesho vya historia, mkonge ulitoka Florida 1893, uyoga kwenye unga wa mbao ulitoka Florida 1958, na vyote vimekuja kukutana kwenye maabara ya Dar.

Mimi chuo nilikiacha mwaka wa pili, sina cheti cha kukuonyesha. Lakini kazi ya 2008 ilitoka kwenye jarida lililo wazi mtandaoni, bila malipo, bando ndogo inatosha. Kwa hiyo napata shida kuelewa kwa nini vijana wa Likoni wanalipishwa pesa ya semina ili wasomewe kurasa mbili zilizotolewa kwenye mwongozo wa nchi ya baridi.

Hapo ndo penye uchungu wangu. Mtaani kwetu kuna kikundi kilichochanga akiba, wakanunua mbegu, wakajenga chumba cha mabati, wakafuata maelekezo ya mtu wa semina: pumba debe zima, usiogope. Ndani ya siku kumi mifuko ilikuwa na madoa ya kijani kama samli iliyosahaulika. Mtu wa semina akawaambia hawakuomba dua vizuri na hawakunawa mikono. Wale ni kina mama wanaopika biashara, mikono wanaijua kunawa kuliko yeye.

Kilichowaangusha ni hesabu ya joto. Kenya, mafunzo mengi na mbegu nyingi vinatoka JKUAT kule Juja, na kazi wanayofanya ni nzuri, siipingi. Lakini Juja iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku wake ni wa sweta. Ukichukua kipimo cha pumba kinachofaa chumba cha Juja, ukakileta Timbwani, hujaleta kipimo kilekile. Februari na Machi hapa mchana unapita nyuzi 32 nje kwenye kivuli. Chini ya bati ni zaidi. Katikati ya mfuko unaoota kwa nguvu huwa moto kuliko chumba. Uyoga wa kawaida wa chaza ukikaribia nyuzi 40 unakufa. Sasa wewe uongeze kuni kwenye huo moto, eti lishe.

Na hizo pumba 10% hadi 20% mnazoziona kwenye mapishi ya unga wa mbao ziliandikwa kwa watu wenye mashine ya mvuke wa shinikizo, inayoua kila kitu ndani ya mfuko. Pipa la mafuta juu ya mafiga matatu linapunguza vijidudu, halivimalizi. Kwa mabua matupu hilo linatosha, kwa sababu kuvu za kijani hazipati cha kukimbilia. Ukitia pumba umewatandikia mkeka.

Je, tuache kuongeza? Hapana, hapo ndo sikubaliani na wazee wa "acha tu asili ifanye kazi". Visiki vya Falck vilikuwa asili, na ilikuwa kazi ya kusubiri. Mwenye mifuko 50 na kodi ya chumba hawezi kungoja msitu. Tuongeze, ila kwa mpangilio wa mchwa: hewa, usafi, halafu chakula.

Na chakula Pwani tunacho, tatizo tunakikosea jina. Kila nyumba hapa inakuna nazi. Mbuzi inalia asubuhi, kifumbu kinakamua tui, machicha yanamwagiwa kuku. Nimeona mtu akisema machicha ndo dawa ya uyoga, bure kabisa. Mimi nina wasiwasi nayo. Machicha yamebaki na mafuta mengi na protini kidogo, na kwenye joto letu yanachacha kabla jua halijazama. Ukiyatia kwenye mfuko bila kuyakausha umetia kitu kinachooza haraka kuliko uyoga unavyoweza kula. Mashudu ya nazi, yale yanayobaki mbata ikishakamuliwa mafuta kwa mashine, ni habari nyingine: makavu, mafuta yamepungua, protini yake inafika karibu 20%. Tunalisha ng'ombe. Kwa mboga ya kijiko kimoja ninayoongelea, mashudu yakisagwa na kupikwa pamoja na mabua kwenye pipa, kiasi kidogo sana, 3% au 5% ya uzito mkavu, ndo pa kuanzia. Samadi ya kuku nayo ni kali, inahitaji kuozeshwa na makapi kwanza. Kuitupia mbichi kwenye mfuko ni kutafuta harufu na inzi.

Halafu kuna suala la mbegu yenyewe. Nani alisema lazima tulime uyoga wa nchi ya baridi? Kuna ndugu yake wa pinki, Pleurotus djamor, anayestahimili joto kuliko wengi. Jina lake la pili lilitoka kisiwa cha Ambon, Indonesia, kwenye maandishi ya Rumphius, mtaalamu wa mimea aliyefariki 1702 akiwa kipofu. Jamur kwa lugha yao ni uyoga. Ni uyoga wa bahari ya joto kama yetu. Kasoro yake hakai, ukimvuna asubuhi jioni ashaanza kulegea. Kwa supamaketi za Nairobi hiyo ni hasara. Kwa mtu anayemuuzia mama ntilie wa ng'ambo ya feri saa nne, wa mchana apikwe, sioni hasara iko wapi.

Na tunayo kalenda ambayo hata Penn State hawakuwa nayo. Wavuvi wetu wanajua kusi na kaskazi bila kuangalia simu. Kaskazi inapovuma, Desemba mpaka Machi, joto kali: hapo mabua matupu, usiongeze kitu, shukuru kwa unachopata. Kusi ikiingia na mvua za Aprili, hewa inapoa, na Julai na Agosti usiku unaweza kushuka mpaka karibu nyuzi 20. Hiyo ndo miezi ya kuulisha. Sijaona mwongozo wowote wa uyoga unaotaja kusi. Miongozo yote inasema "weka chumba nyuzi 20 hadi 25" kana kwamba sote tuna kiyoyozi na bili analipa mtu mwingine.

Lakini mtu asiniamini kwa maneno, kwa sababu mimi ni wa kontenti na mwenye semina naye ni wa kontenti. Kipimo kipo, na ni cha watu wote: uzito wa uyoga mbichi uliovuna, gawanya kwa uzito wa mabua makavu uliyoanza nayo, zidisha kwa 100. Kilo moja ya mabua makavu ikikupa gramu 700 za uyoga, wewe uko kwenye 70%. Anayekwambia mavuno yalipanda mara mbili, muulize yalipanda kutoka asilimia ngapi. Akianza kukuonyesha picha tena, funga simu.

Kikundi cha kina mama hakijavunjika. Wameng'oa bati la upande wa baharini wakaweka makuti, na paa wamelifunika makuti pia. Mpango wa kusi hii ni mifuko 30 ya mabua ya mahindi: 10 bila kitu, 10 yenye mashudu 3%, 10 yenye mashudu 5%, mbegu kutoka chupa za siku moja, zote chumba kimoja. Kipimajoto kimoja kitachomekwa katikati ya mfuko, kingine kitaning'inia ukutani, na daftari litasomwa asubuhi na saa nane mchana. Mashudu tumepata gunia nusu, mabua yanatoka Kwale. Kilichobaki ni mzani unaopima gramu. Ule wa muuza samaki unaanzia robo kilo. Mwenye wa kuazima kwa miezi miwili anitumie ujumbe, na namba zote zitawekwa hapahapa, hata za ile mifuko itakayogoma.